Samaki wa Kalambandi Aliyezikwa Ibra

Ndugu yangu Moidini,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali yako na hali ya magoti yako, nataka ujue kitu kimoja: habari ya yule samaki wako aliyezikwa, hapa Ibra watu wote wanaihadithia kombo. Wote! Wanaosema mimi ndiye niliyebadilisha mafurushi shimoni, waongo. Wanaosema Mzee Hamud alimtupia paka yule samaki, waongo na hawakuwapo. Hata mke wangu Zuwena, shemeji yako, aliyekuwa ng'ambo ya ukuta siku ile, anawaambia watu alikuwa changu. Changu! Changu umlaze shimoni mpaka kesho yake, utamfukua kwa kijiko. Yule alikuwa jodari, nimemtoa Sur kwa pikapu yangu mwenyewe, mgongo mweusi, mnene kama paja la mpiga ngoma. Wanaoijua habari yake sawasawa ni wawili, mimi na wewe, na wewe uko kwenu Malabari, kimya. Kwa hiyo nimebaki mie.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu anwani yako sina. Ile namba ya jirani yako mwenye duka la kamba, nikipiga inalia tu mpaka inachoka. Nimesema labda Mmalabari mmoja mahali popote ataisikia barua hii ikisomwa, aseme, "Aa, huyu Moidini si yule aliyekuwa na hoteli Ibra, karibu na pampu ya petroli?" Basi huyo na akufikishie. Mimi sikusoma, unanijua. Chuoni nilikwenda na chuoni nilikimbia. Naandika kama ninavyosema, na kusema kwangu unakujua: mpaka mtu aondoke yeye.

Shida yangu ni hii. Zuwena hali chakula.

Karudi wiki iliyopita kutoka hospitali Nizwa. Madaktari wamesema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ale apate nguvu. Hali. Nimempikia uji kwa mkono wangu, akauliza kama ni gundi. Nimemletea halwa ya Nizwa, ya moto, ile inayong'aa. Nimemletea makomamanga ya Jabal Akhdar. Anaonja, anaweka. Kila kitu, anasema, kina ladha ya karatasi. Amekuwa mwepesi, Moidini, yule Zuwena aliyekuwa akinyanyua sufuria la pilau kwa mkono mmoja na kunitukana bila kupumzika. Sasa hata kunitukana ananitukana nusu nusu.

Halafu juzi asubuhi akafumbua macho, akasema, "Nataka samaki wa Moidini."

Niliruka kama kijana. Nikakimbilia kile kikopo ulichotuachia siku uliyoondoka. Nikakifungua: kitupu. Kimebaki harufu ya moshi na unga kidogo kwenye pembe. Nikarudi nikamwambia, "Kimekwisha, mama watoto."

Akanitazama vile anavyonitazama. "Kwani si kalambandi? Na wewe si ndiye mjuzi wake? Nenda kanunue."

Sasa hapo ndipo pagumu, maana neno hilo kalambandi Ibra nzima imelipata kwa mdomo wangu. Lakini ngoja. Niache nianze mwanzo, maana wakianza wengine wanaanzia katikati.

Unakumbuka siku ya kwanza? Miaka ya tisini mwanzoni, mimi bado na meno yangu. Nilikuwa nikichukua samaki Sur alfajiri, barafu juu yake, nafika Ibra watu ndiyo kwanza wanakunywa kahawa. Nikasikia kuna Mmalabari kafungua hoteli. Nikaingia na sanduku la nguru begani. Ukaja mbio, mfupi, mashavu, kandambili mguuni, ukasema, "Karibu, kaka!" Mimi nikadhani una akili za ajabu, jana umeshuka kwenye ndege, leo unasema Kiswahili. Kumbe na nyinyi kwenu mkubwa wako unamwita kaka. Nilikaa nikacheka mpaka barafu ikaanza kuyeyuka.

Halafu nikakuona umekaa juu ya mbuzi. Wajukuu zangu nikiwahadithia hapa wananikatiza, "Babu, alikaa juu ya mbuzi?" Nawaambia mbuzi ya kukunia nazi, enyi watoto wa pizza! Kigoda kile chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mama yangu alikuwa nacho Ng'ambo, Unguja, na toka nije Oman sijapata kukiona tena, na wewe umekikalia mbele yangu unakuna nazi ya Salala kama vile hujafanya kitu. Sikukwambia siku ile, lakini nilizunguka nyuma ya hoteli nikajifanya naitazama tairi.

Toka hapo nikawa siondoki jikoni kwako. Zuwena anasema nilikuwa nikija kula bure. Nilikuwa nikija kuangalia. Kula ilikuwa inatokea tu.

Kulikuwa na lile bomba. Umetia unga wa mchele, nazi, unga, nazi, umelisimamisha juu ya sufuria, mvuke unatoka kichwani. Nikakuuliza, "Moidini, fundi bomba kaja lini?" Ukachukua kijiti ukasukuma kwa nyuma, kikatoka kitu kimesimama kama mnara wa msikiti, cheupe, laini. "Kula, kaka. Fundi kamaliza." Nikala mnara mzima, na ndizi.

Na ule ugomvi wetu wa mkate wa kumimina, je? Siku ulipoleta mkate wa mchele wa mviringo, una nazi, una hiliki, umeumuka kwa mvuke, nikakushika shati. "Huu mkate wetu! Mmeuiba kwetu lini?" Wewe ukanambia, "Kaka, mabaharia wenu walikuja kwetu wana njaa, mama zetu wakawahurumia." Nikasema mabaharia wetu ndio waliowafundisha nyinyi kupika. Tukagombana mpaka chai ikapoa, mteja mmoja wa Bidiya akatuamulia, akasema, "Mkate wa nani sijui, lakini huu uliobaki ni wangu," akaula.

Muhogo ndio ulionimaliza. Kuupata muhogo Ibra siku zile ilikuwa kazi. Wewe ulikuwa unaupata, sijui wapi, unauchemsha, unauponda na nazi na manjano na majani ya mvuje, halafu pembeni mchuzi wa samaki mwekundu kama hasira. Nikala, nikanyamaza. Ukamwita mpishi mwenzako, "Njoo uone, kaka Nasoro amenyamaza!" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa Unguja, nyumbani kwa mama, na sikutaka mtu anirudishe upesi.

Na chini ya ule mchuzi ndipo nilipokiona kwanza kile kitu. Kipande cheusi, kimekunjamana, kinene kama ngozi, kinanuka moshi wa jikoni. Nikakiweka ulimini. Ukali! Lakini si ukali wa ndimu unaokukurupusha, wala wa ukwaju, wala mbirimbi. Ni ukali mzito, unakuja taratibu, unakaa. Ulimi wangu mimi haujapata kushindwa, Moidini. Mie nikionja pilau nakwambia mchele umeoshwa mara ngapi na mwoshaji alikuwa amekasirika au hakukasirika. Basi kile nacho nilikijua siku ileile. Nilikuuliza tu kukupa nafasi ya kusema.

"Nini hiki?"

"Sikio la popo," ukasema.

Siku ya pili nikauliza tena. "Kiatu cha babu yangu." Siku ya tatu, "Ulimi wa mtu mwongo, kaka, tunaukausha." Na mpishi mwenzako ameegemea ukuta anacheka mpaka upawa unamtoka.

Wewe ulikuwa mwongo, Moidini. Nalisema kwa heshima, maana mimi naujua ufundi huo. Ulinihadithia kwamba mke wako asili yake watu wa milimani juu ya pwani yenu, watu wa msituni, na wao wanakula mchele wa mianzi. Nikakwambia mwanzi hauna mchele. Ukasema una, lakini mwanzi unazaa mara moja tu maisha yake yote, halafu msitu mzima wa mianzi unakufa, na mtu anaweza kuzeeka akauona mara mbili tu. Wakisikia umezaa, wanakwenda kufagia chini na kukusanya mbegu. Wanapika samaki wa mtoni ndani ya pingili la mwanzi, wanaliziba kwa jani, wanalilaza juu ya moto. Nikasema, huyu ananizidi. Mimi nimepata kuwaambia watu niliona papa Sur amevaa kofia, lakini mchele wa mianzi! Miaka baadaye mjukuu wangu akanitazamia kwenye kompyuta. Kumbe kweli. Sikufurahi.

Na ukanihadithia wale sisimizi wekundu, wanaojishonea nyumba za majani juu ya miti. Ukasema watu wa shemeji zako wanautikisa ule mzinga juu ya beseni, wanawaponda na pilipili na nazi, wanafanya chatne. "Wakali, kaka. Kama ndimu." Mimi nywele zilinisimama, maana hao nawajua! Hao ni majimoto. Wametutafuna utoto mzima juu ya mikarafuu na miembe. Unapanda kuchuma, unashuka unacheza ngoma. Nikakwambia, "Moidini, sisi walitula wao, nyinyi mnawala wao?" Ukasema, "Ndiyo haki, kaka. Tunakulipizieni." Nikarudi nyumbani nikamhadithia Zuwena, akasema, "Na wewe umekula nini huko kwake?" Nikasema nimekula samaki. Akasema, "Una hakika?"

Sasa tunakuja kwenye shimo.

Ilikuwa Iddi ya Mfungo Tatu. Wewe ulikuwa na huzuni, na mtaa mzima tulijua kwa nini. Mzee Hamud, kafili wako, mdhamini wa karatasi zako, mwenye lile duka la hoteli, alikuwa kishatamka: baada ya Iddi hoteli inafungwa, panawekwa matairi. "Watu wa Ibra wanakula nyama," alisema. "Samaki wa Kihindi nani atamla?" Matairi hayana haja ya mpishi, na mpishi asiyekuwa na kafili anapanda ndege. Ulikuwa ushaanza kufunga masufuria yako. Mzee Hamud hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Mtu wa dini sana, mkali wa chakula. Kitu asichokijua asili yake hakitii mdomoni, hata apewe na mfalme.

Nikakuchukua ukaone shuwa, nyama ya shimoni, ubadilishe mawazo. Tukasimama kwenye shimo la mtaa, refu kuliko mtu, kuni zimekwisha kuwa makaa, joto linakukata nyusi. Kila nyumba imeleta furushi lake: nyama imepakwa viungo, imefungwa kwa majani ya mgomba, imetiwa kwenye pakacha la mtende. Wanahesabu, wanatupa yote kwa mara moja, wanafunika bati, wanapakaa udongo mbio mbio moshi usitoke. Inalala humo mpaka kesho.

Ukanivuta kanzu. "Kaka, mnazika mbuzi? Alikufa na maradhi?"

Nikakueleza. Ukatazama lile shimo kama mtu aliyeona mke wa pili. "Kwetu samaki namfunga jani la mgomba, namlaza juu ya chuma. Nataka nimtie humu."

"Atayeyuka."

"Hayeyuki. Ninacho cha kumshika."

Basi hilo ndilo lililotokea, na anayesema vingine mlete kwangu. Ulimchukua yule jodari wangu, vipande vikubwa, ukaponda pilipili nyekundu, vitunguu vidogo, nazi, mvuje, na vile vipande vyako vyeusi ulivyoviroweka. Ukampaka mpaka ndani ya mifupa. Ukasema kitakuwa chakula cha kuagana, tutakula sisi, wewe na mie na Zuwena. Ukamfunga kama mtoto mchanga, ukamtia pakachani, tukamleta wakati wa kutupa. Watu walishughulika, hakuna aliyeuliza.

Kesho yake wakafukua. Mapakacha yote yametoka meusi, yanafanana kama mapacha, kwa hivyo kila nyumba inafunga alama yake. Mimi yangu kijiko kibovu, kwa waya. Mzee Hamud yake nati ya gurudumu. Watu wakachukua yao mmoja mmoja, yakabaki mawili hayana alama.

Nikakuuliza kwa kunong'ona, "Alama yako ipi?"

"Kifuu cha nazi," ukasema, umejaa raha. "Nimekifunga vizuri."

Moidini! Nilitaka kukaa chini. Mtu kakulia kwenye minazi, kazaliwa chini ya mnazi, anatupa kifuu kwenye makaa na anategemea kukikuta! Kifuu ndiyo makaa yenyewe, bwana! Nikakwambia hivyo, ukajipiga kipaji.

Lakini tulikuwa hatujui kwamba na wana wa Mzee Hamud wamefanya yao. Ile nati waliifunga kwa uzi wa katani. Uzi ukaungua, nati ikabaki chini kwenye majivu. Mzee akasimama mbele ya mapakacha mawili, akanyoosha bakora, akasema, "Hili." Mkubwa ndiye anayechagua. Mimi mikono yangu ilikuwa nyuma, hivi, nimeishika pamoja. Mungu ni shahidi wangu na wewe ni wa pili.

Tukachukua lililobaki, tukaenda hoteli. Ukafungua jani la kwanza, ukaliinamia.

"Kaka, samaki huyu ana ubavu."

"Samaki wote wana mbavu, fungua."

Ukafungua. "Kaka, ana goti."

Kutoka ng'ambo ya ukuta, uani kwetu, Zuwena akapiga kelele, harufu imemfikia, "Nasoro! Huyo mbuzi wa nani?" Wewe umegeuka rangi ya unga. Unasema, "Mbuzi wa arbabu, tajiri wangu. Nimekula mbuzi wa arbabu siku ya Iddi." Nikakwambia hujamla, funga haraka. Ni kweli nilikuwa nimechomoa kipande kidogo, cha kuonja, hakikuzidi ngumi, lakini hicho hakihusu.

Mtoto mkubwa wa Mzee Hamud akatokea mlangoni, mtu mzima na ndevu zake. "Baba anawataka. Nyote wawili."

Tulikwenda tumebeba mbuzi mbele kama jeneza. Sebule imejaa, wageni wametoka Nizwa na majoho, sinia la wali katikati, na juu ya wali mahali pa mbuzi kalala jodari. Vipande vyake vizima! Hakuyeyuka. Mwekundu, anang'aa, nyama imeshikana, na nusu yake, Moidini, nusu yake haipo. Mzee Hamud anatafuna. Hatukuambiwa tukae.

"Samaki huyu wa nani?"

"Wangu, arbabu," ukasema.

Akatafuna. Akameza. Akanyoosha kidole. "Huu ukali. Si ndimu. Si ukwaju. Na mimi tumboni mwangu hakikai nisichokijua. Nini hiki?"

Nikakuona unafungua mdomo. Na mimi kabla hujatoa neno nikaruka mbele, nikasema kwa sauti ya kadhi: "Hiyo kalambandi, sheikh! Tunda la Malabari. Linaota kwenye mti mkubwa, wanalichuma, wanalikausha juu ya moshi mpaka linakuwa jeusi. Dawa ya tumbo pia."

"Kalambandi," akasema Mzee Hamud, polepole, kama anaonja na neno.

Mgeni mmoja wa Nizwa, mwenye joho la dhahabu, akatikisa kichwa. "Na'am, kalambandi. Maarufu. Hata sisi Nizwa ipo."

Wewe ukaanza kukohoa. Ulikohoa mpaka machozi, ikabidi upewe maji. Nikawaambia pilipili imempalia.

Mzee Hamud akachukua kipande kingine. Akakitazama. Akasema, "Kaeni. Kuleni." Tukakaa. Tulipofika mifupani, akaifuta mikono yake, akasema bila kukutazama, kama anasema na sinia, "Matairi yatangoja."

Yakangoja. Yanangoja mpaka leo. Ijumaa ya kwanza alikuja mwenyewe na wale wana wake, wakakaa meza ya dirishani, na wewe ukaandika kwenye kioo kwa rangi nyekundu: samaki wa kalambandi. Watu wakaja kutoka Bidiya, kutoka Kamil, hata wa Sur wenye samaki wao wakaja Ibra kula samaki! Na kila nilipokuuliza tena, "Moidini, hebu nambie, hiki kitu khasa ni nini?" ulikuwa unainama, unaweka mkono kifuani. "Si kalambandi, kaka? Wewe ndiye mjuzi." Miaka yote. Hukunambia jengine.

Siku uliyoondoka, magoti yako yamekataa, hoteli ukamwachia yule anayepika kuku mpaka leo na kuku mwenyewe anasikitika, ukaja nyumbani na kikopo. "Cha shemeji," ukasema. "Kipande kimoja, samaki mmoja. Wewe kaka usikitafune." Zuwena alikitumia kama mtu anavyotumia marashi ya harusi. Na kila kipande alisema jina lako.

Sasa nimezunguka, ndugu yangu. Naingia duka la Mmalabari, nasema, "Nipe kalambandi." Mmoja akaniuliza, "Ni mji?" Mwengine akasema ataagiza, maana yake hajui. Mmoja Nizwa, kijana mwema, akampigia simu mama yake huko kwenu, nikamsikia mama anasema neno hilo mara tatu, halafu anacheka. Ningeweza kumwambia yule kijana, mwambie mama ni kitu cheusi, kina moshi, cha mchuzi wa samaki. Nikashindwa. Nikamwambia, "Labda kwenu mnaliita vyengine," nikatoka nikaenda kukaa kwenye pikapu.

Nimerudi nyumbani Zuwena kageukia ukutani. Hakuuliza. Angeniuliza ningefurahi.

Basi hapo, Moidini, na wewe uliyebahatika kusomewa barua hii, sogea. Yote niliyoyasema ni kweli: jodari, shimo, kifuu, nati, goti la mbuzi. Isipokuwa moja. Kalambandi hakuna. Neno hilo nililitunga pale sebuleni, limesimama kinywani mwangu sijui limetoka wapi, na mti wake nikautunga, na moshi nikaunusa tu. Yule bwana wa Nizwa aliyesema wanayo, basi ni mwongo kunishinda mimi, nampa mkono. Mimi nilichokijua siku ile ni hiki tu: uliniambia wale majimoto ni wakali kama ndimu, na kitu chako kikali kama ndimu, cheusi kimekunjamana, na kila siku unanificha. Nikaona unafungua mdomo mbele ya Mzee Hamud. Nikasema, sasa anataja wadudu, na keshokutwa yuko kwenye ndege. Nikakuwahi. Na wewe ulijua, ulikohoa kwa kucheka, na ukalibandika jina langu kwenye kioo miaka yote hiyo ili unicheke kila mteja anapoagiza. Halali yako.

Ningeweza kwenda kesho dukani nikaeleza nikajua. Lakini wa kunicheka kwanza ni wewe, si wale vijana. Watu wa Ibra na wao wacheke, nimewapa ruhusa, foleni ianzie nyuma yako. Nimemsomea Zuwena mpaka hapa. Amekaa, amejiegemeza kwenye mto, na kanitukana kidogo, vizuri, kama zamani. Anasema uongo huo aliujua toka siku ile.

Basi nitumie jina lake la kweli, na kama kuna mtu anakuja huku, mtie kikopo kwenye mzigo wake. Wasalimie watoto na watu wa milimani. Mungu akupe magoti mapya.

Na kama ni majimoto, usinifiche, andika vilevile. Zuwena kasema atakula.

Ni mie, kaka yako wa Ibra,
Nasoro wa pikapu ya samaki